Kofia ya Huku, Mguu wa Kule

Kila asubuhi ya siku ya shule, Mama Soli alianza kwa kufungua kibanda chake cha kushonea viatu pale mbele ya nyumba. Anapanga nyundo, uzi, kisu cha kukatia ngozi na kopo la gundi, anapuliza vumbi juu ya meza, halafu anageukia ndani na kupaza sauti: "We Kiherehere! Chai inapoa!"

Wapi! Chai ilikuwa imeshanywewa zamani. Huyo Kiherehere, binti yake, anatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mkate mdomoni na ulimi umeungua. Jina hilo alipewa na bibi yake tangu anatambaa, kwa sababu alikuwa akikifuata kitu anakipita. Sasa alikuwa na miaka kumi na mbili, yuko darasa la sita, na bado alikuwa anavipita vitu.

"Utafika shule kabla ya shule yenyewe," mama yake alimwambia asubuhi moja. "Leo unabaki tena kwenye mambo yenu ya uyoga?"

"Si uyoga tu mama, ni kuvu. Uyoga ni baadhi tu."

"Haya, kuvu. Na usisahau maboksi, nimekuwekea mengine matatu."

Maboksi hayo ya viatu yalikuwa na kazi kubwa shuleni. Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Lenzi kwa sababu miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, alikuwa ameanzisha Chama cha Kuvu. Mtu huyu alipenda kuvu jinsi wengine wanavyopenda mpira. Kwenye kona ya darasa alisimamisha katoni kubwa la friji, akaandika juu yake HIMAYA YA KUVU. Ndani ya katoni hilo akaweka makatoni madogo kidogo, hizo ndizo faila, yaani makundi makuu. Ndani ya faila, ngeli. Ndani ya ngeli, oda. Kisha yanakuja maboksi ya Mama Soli, kila boksi familia moja. Na ndani ya boksi la familia, viberiti vitupu vimepangwa kama vitanda vya bweni, na kila kiberiti ni jenasi moja.

"Mwalimu, kwani uyoga si mmea?" mtu aliuliza siku ya kwanza.

"Mmea babu yako!" alijibu Mwalimu Lenzi, darasa likacheka. "Mmea unajipikia chakula chake kwa jua. Kuvu inakula kilichopikwa na wenzake. Ni kama yule mjomba wenu anayefika saa ya kupakua. Ndiyo maana ina himaya yake peke yake."

Akawaonyesha yale makatoni mawili makubwa kuliko mengine. Moja lilikuwa la Ascomycota, yeye akaliita Vifuko, maana kuvu hizo hubeba spora, yaani vijimbegu vyake, ndani ya vifuko vidogo. La pili lilikuwa la Basidiomycota, akaliita Vipembe, maana hizo hubeba spora zake nje, kwenye ncha za vijipembe. "Hamira ya mkate mliokula asubuhi," alisema, "imo kwa Vifuko. Uyoga wenye kofia mnaoujua, mwingi umo kwa Vipembe. Na jenasi ni nyumba ya ndugu wa karibu. Ukikosea nyumba, unampeleka mtoto wa watu kwa mama asiye wake."

Kiherehere aliyapenda mambo haya kweli kweli. Shida yake ilikuwa moja: hakuwa na subira. Ili kujua uyoga ni wa jenasi gani, sharti uangalie chini ya kofia, upime mguu, halafu uiweke kofia juu ya karatasi, uifunike na bilauri mpaka kesho yake, uone unga wa spora uliodondoka una rangi gani. Mpaka kesho yake! Kiherehere alikuwa anaangalia rangi ya kofia, anachagua kiberiti kinachomvutia, anatumbukiza, amemaliza.

Aliyekaa naye dawati moja alikuwa msichana aitwaye Taratibu. Huyo ukimuuliza jina lake alifikiri kwanza. Lakini kila alichokiweka Taratibu kwenye kiberiti kilikaa hapo hapo, na kila alichokiweka Kiherehere Mwalimu Lenzi alikihamisha.

Halafu siku moja Kiherehere akaingia darasani ameshika kitu juu juu kama kombe. "Kipya! Hakimo kwenye viberiti vyote! Ni jenasi mpya!"

Kilikuwa bapa, kigumu kidogo, cha kijivu, kina vishimo. Mwalimu akakigeuza, akakinusa, akakikwaruza kwa kucha. Akakohoa kidogo kuzuia cheko.

"Mwanangu," alisema, "hiki ni kisigino cha kandambili."

Darasa liliangua kicheko mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. "Jenasi Kandambili!" mmoja akapiga kelele. "Familia ya Mama Soli!" mwingine akadakia. Mtoto wa fundi viatu kaokota kandambili akaiita uyoga, hebu fikiria. Kuanzia siku hiyo akipita uwanjani anasikia, "Kandambili, hujambo?" Alicheka nao, afanyeje? Lakini moyoni palimwasha kama pilipili kwenye kidonda.

Ndivyo jambo lenyewe lilivyoanza.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha, Mama Soli ametoka kwenda kununua uzi, na Kiherehere amebaki kulinda kibanda. Mbele yake alikuwa amepanga alivyookota. Kimoja kilikuwa kidole cheusi kigumu, cha kuvu inayoota kwenye magogo yaliyooza, jenasi ya Xylaria. Kingine kilikuwa kiuyoga kidogo chenye kofia ya rangi ya chungwa, nyembamba kama karatasi, jenasi ya Marasmius. Vyote viwili Taratibu alikuwa ameshavipata, ameshavikausha, vina viberiti vyao. Kwa hiyo Kiherehere hakuwa na kipya chochote.

Akaichomoa kofia kutoka kwenye mguu wake mwembamba. Akaiweka juu ya kile kidole cheusi, kwa mchezo tu. Ikapendeza! Ikakaa kama kofia ya polisi juu ya kichwa cha polisi. Akaitoa. Akaiweka tena. Akatazama kopo la gundi.

Tone moja tu. Hata tone halikufika.

Siku iliyofuata alimpa Mwalimu Lenzi kitu hicho huku ameangalia chini, na safari hii hakupiga kelele. "Nimekiona kwenye gogo, mwalimu. Sijui ni nini."

Mwalimu Lenzi alikaa kwenye hadubini, ile moja kuukuu ya shule. Alichukua ukwanguo kidogo wa mguu mweusi, akatazama. Alichukua kipande cha chini ya kofia, akatazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akatazama tena.

"Jamani," alisema polepole. "Jamani, njooni. Huku kwenye mguu kuna vifuko, spora zimepangwa kama mbaazi ndani ya ganda. Na huku kwenye kofia kuna vipembe. Mguu ni wa faila hii, kofia ni ya faila ile!"

Watoto wakasukumana kutazama. Taratibu ndiye aliyeuliza, baada ya kufikiri kwanza kama kawaida yake: "Mwalimu, inawezekana ni kuvu mbili, moja imeota juu ya nyingine?"

"Inawezekana sana! Zipo zinazofanya hivyo. Hata ikiwa hivyo, ni habari kubwa, na jenasi yake itabidi itafutwe." Akamshika Kiherehere bega. "Wewe binti, wewe! Nilikuwa nakuona wa haraka tu, kumbe una macho."

Hakuna aliyesema Kandambili siku hiyo. Mmoja alimgawia hata nusu ya andazi lake. Kiherehere alilitia mfukoni, hakulila.

Alidhani mambo yangeishia hapo, kitu kitatiwa kwenye kiberiti na kusahauliwa. Lakini Mwalimu Lenzi alimpigia simu mtaalamu wa kuvu wa chuo kikuu, mama aliyekuwa amemfundisha zamani, na yule mama akasema: msikikate, msikipe jina, nitapita huko nikione kwa macho yangu. Mwalimu akaamua wazazi nao waalikwe. Kitu chenyewe akamkabidhi Taratibu akitunze kwenye kabati, "kwa sababu mikono yako haina papara."

Kisha akapita mwenyewe kibandani kwa Mama Soli.

"Mama, ikithibitika ni jenasi mpya, itahitaji jina," alisema. "Aliyeiona haipi jina lake mwenyewe, hiyo ni adabu ya kazi. Lakini kuvu inaweza kupewa jina kwa heshima ya mtu. Mimi nitapendekeza iwe kwa heshima yako, uliyetupa maboksi."

Mama Soli aliishusha nyundo. "Mimi? Jina langu? Kwenye vitabu?"

"Kwenye vitabu."

Kiherehere alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, amesikia kila neno. Akakaa chini pale pale sakafuni.

Basi kuanzia hapo kila mteja aliyeleta kiatu alipata na hadithi juu yake. "Unamwona huyu?" Mama Soli anasema, uzi mdomoni. "Ameona kitu ambacho maprofesa hawajakiona. Mimi mwenyewe shule niliishia njiani, lakini jina langu litafika chuo kikuu." Muuza maziwa akapiga makofi. Fundi cherehani wa jirani akasema, "Hongera mama, aisee, uzazi wako haukwenda bure." Kiherehere alikuwa anainamisha kichwa, na watu wakasema, tazama alivyo mnyenyekevu.

Aibu ina tabia zake. Aibu ya kuchekwa, unaikimbia, ukifika nyumbani imebaki uwanjani. Lakini hii ilikuwa inamsubiri nyumbani, inakula naye, inaoga naye. Mama yake akimpakulia, anaona mkono ule uliochoka kugonga misumari, na chakula hakipiti. Alikuwa anajibu anapoulizwa, anacheka panapochekwa, lakini mbio zilikuwa zimemwisha. Asubuhi alitoka amevaa viatu vyote viwili. "Siku hizi umekuwa mtu mzima," mama yake alimsifu, na sifa hiyo ilimchoma kuliko kiboko.

Alijaribu kusema. Alimfuata Mwalimu Lenzi ukumbini. "Mwalimu, kile kitu..."

"Najua, najua! Hata mimi usingizi sipati. Subiri tu, atakuja."

Akajaribu njia nyingine. Alimwendea Taratibu pale kabatini. "Nipe nikiangalie kidogo."

"Mwalimu kasema mtu asikiguse."

"Hata mimi niliyekiokota?"

Taratibu alifikiri. "Hata wewe uliyekiokota," alisema, akageuza ufunguo, akautia mfukoni.

Siku ikafika. Madawati yalisogezwa ukutani, wazazi wakakaa kwenye viti vya kuazima. Mama Soli alivaa gauni lake la sherehe na viatu alivyovishona mwenyewe, vinang'aa mpaka unajiona. Alikuwa amekaa safu ya mbele, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mtaalamu alikuwa mama mfupi, ndara zina tope, kikapu begani. Watoto walikuwa wanamwita Daktari, na mmoja alimuuliza kwa heshima zote, "Daktari, kuvu zikiumwa unazipiga sindano?"

"Zikiumwa nazifurahia," alisema, "maana kinachoziumiza mara nyingi ni kuvu nyingine." Watu wakacheka, wakamzoea.

Alipokea kiberiti kutoka kwa Taratibu, kitu kile kimo ndani. Alikitazama kile kitu kwa kilenzi cha mkononi, akakigeuza, akakitazama tena. Halafu Daktari akakileta puani. Akatoa wembe kwenye kikapu, akakata kipande chembamba pale kofia ilipokutana na mguu, akakiweka chini ya hadubini, akainama. Alipoinuka uso wake haukuwa na hasira wala furaha.

"Mwalimu, njoo utazame," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna utando wa njano unaovutika. Hii ni gundi."

Mwalimu Lenzi alitazama. Masikio yake yalibadilika rangi. Alisimama mbele ya wazazi wote wale aliowaalika, akatafuta pa kuweka mikono yake, hakupata. Kisha akamgeukia Taratibu.

"Nilikupa wewe ukitunze. Kilivunjika?"

Taratibu alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mnamjua, maneno yake huchukua muda kufika.

"Kilivunjika mkononi mwako, ukakigandisha, ukanyamaza? Kitu cha namna hii? Kwa nini hukuniambia?"

"Mi... mimi..." Machozi yalifika kabla ya maneno. Nyuma watu wakaanza kunong'ona: ndiye huyo, si unaona anavyolia, mwenye kosa utamjua tu.

Hapo ndipo Mama Soli aliposimama. Aliweka mkoba kwenye kiti, akaenda mpaka kwa Taratibu, akamvuta kifuani mwake, gauni la sherehe likalowa machozi.

"Nyamaza, mwanangu, nyamaza," alisema. "Kitu huvunjika. Hata mimi viatu vya watu vimewahi kunichanikia. Ungesema tu. Mtoto akisema ukweli, nani mwenye moyo atampiga? Mwenzio wala hana kinyongo." Akainua macho kumtafuta binti yake. "Si ndiyo, mama? Mwambie huna kinyongo."

Kiherehere alisimama karibu na lile katoni la friji. Kila kichwa kilimgeukia. Aliona mkono wa mama yake ukimpapasa Taratibu mgongoni, unampa msamaha usio wake, kwa kosa lisilo lake. Na ni yeye aliyeuhitaji. Alitamani lile katoni limmeze, faila, ngeli, oda na vyote.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Si yeye."

"Nini?"

"Hakikuvunjika. Hakijawahi kuwa kizima. Nilikibandika mimi, kwa gundi yako, siku ile ya mvua. Kofia ni ya uyoga mwingine, mguu ni wa kuvu nyingine. Taratibu hajui chochote."

Mama Soli hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwachia Taratibu taratibu, akarudi kwenye kiti chake, akauchukua mkoba, akakaa, akaushika kwa mikono miwili. Kiherehere alimwona akitazama viatu vyake vilivyong'aa, kisha akaviingiza chini ya kiti, kama vile ghafla vimekuwa vingi mno kwa shughuli hii.

"Jenasi Gundi!" sauti ikapasuka nyuma, na wengine wakaanza kucheka.

"Anayecheka," Daktari alisema bila kugeuka, "aje mbele anionyeshe yeye ameokota nini." Kicheko kikafa.

Mwalimu Lenzi alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo. Alimwendea Taratibu, mbele ya wote, akasema: "Mwanafunzi wangu, nimekuonea. Sikukuuliza, nilikuhukumu. Na wewe ndiye uliyeniambia mapema kwamba huenda ni vitu viwili. Nilitaka sana kiwe kipya, nikaona nilichokitaka. Nisamehe."

Taratibu alifikiri. Kisha akatikisa kichwa, ndiyo. Lakini kwa Kiherehere hakugeuza macho.

Daktari alivuta kiti, akamwita Kiherehere. "Njoo hapa. Sikupigi. Nataka kujua. Kwa nini?"

"Nilichoka kuitwa Kandambili," Kiherehere alisema huku akilia. Daktari hakuelewa, ikabidi aelezwe habari ya kile kisigino, na midomo yake ikacheza kidogo. Lakini alipozungumza hakuwa anatania.

"Sikiliza. Sisi wataalamu tumekosea sana. Kwa miaka mingi kuna kuvu tuliyoipa majina mawili, kwa sababu tuliikuta mara ina umbo hili, mara ina umbo lile, hatukujua ni ile ile. Makosa hayo tumeyarekebisha, na tunaendelea. Jenasi zinahamishwa, familia zinavunjwa, hata faila zinagawanywa upya. Kukosea hakuharibu kazi yetu. Unajua kinachoiharibu? Mtu akiona jina la kuvu kwenye kitabu, mbali huko, hakujui wewe wala mwalimu wako. Anaamini tu kwamba kitu kile kilikuwepo. Jina ni ahadi kwa mtu usiyemwona. Wewe ulitaka kumwahidi gundi."

Kiherehere alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Sasa kitatupwa?"

"Kwa nini kitupwe? Ni kuvu mbili za kweli, hazijafanya kosa lolote. Zirudishe kwao."

Wakati wazazi wanatawanyika, wengine wakimpita Mama Soli kwa salamu za haraka haraka, Kiherehere alibaki mezani na wembe. Kuipunguza gundi ile ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Ukivuta, kofia inapasuka. Ukikaza wembe, mguu unamong'onyoka. Alipumua, akapunguza kidogo, akapumua tena. Kofia ilipoachia, Daktari alimwambia aiweke kwenye kisahani chenye maji, na ile kofia kavu ikaanza kukunjuka kidogo kidogo kama mwavuli, kwa maana ndivyo Marasmius walivyo, hukauka na kufufuka. Kwa mara ya kwanza Kiherehere alizihesabu zile kurasa nyembamba za chini ya kofia, alitazama zilivyoachana, alitazama kila kitu. Kisha akauliza kabla ya kukigusa kiberiti chochote.

Njiani kurudi nyumbani Mama Soli alitembea mbele. Wakafika kibandani.

"Jina langu si kitu," alisema akifungua kufuli. "Nimeishi bila vitabu, nitaishi. Lakini nimesimama mbele za watu nikamsamehe mtoto wa watu kwa kosa la mwanangu. Unajua nilivyojisikia?"

"Najua, mama."

"Hujui. Utajua ukizaa." Alikaa kwenye kigoda chake. "Haya. Wateja niliwatangazia mimi. Kuwaambia ukweli ni kazi yako. Kaa hapa."

Basi Kiherehere akakaa. Alikuja muuza maziwa. "Ehe, profesa, vipi kile kitu chako?" Na Kiherehere akamwambia: nilidanganya, nilikibandika. Yule mzee alikuna kidevu, akasema, "Makubwa," akachukua kiatu chake akaenda. Alikuja fundi cherehani akacheka mpaka akashika ukuta: "Mtoto kashona uyoga! Njoo kwangu, kuna suruali zinakusubiri." Kiherehere alijihisi uso unawaka moto, lakini alimwambia naye, na aliyefuata naye, na mteja mmoja mwenye buti la kijani aliyetaka kusikia hadithi mara mbili. Kila aliposema, ulimi ulikuwa mzito. Lakini jioni ilipokaribia aligundua kwamba ana njaa, njaa ya kweli, kama zamani.

Mama Soli alimkatia mkate, akampa na chai. "Umeona?" alisema. "Aibu ya kusema ukweli inaumiza, lakini inaumiza leo, kesho imepungua. Aibu ya kuficha unaifuga. Unailisha kila siku, nayo inakua, mwisho inakula watu wengine, kama ilivyotaka kumla yule mtoto. Ukikosa kitu kipya, mwanangu, lete cha zamani kilicho cha kweli. Mimi hapa sijawahi kutengeneza kiatu ambacho hakijawahi kuonekana duniani, lakini watu wanavitembelea."

Alikuwa hajamaliza kusema Taratibu alipotokea barabarani. Alimwamkia Mama Soli, "Shikamoo mama," akajibiwa, "Marahaba, mwanangu, karibu." Akasimama pale amekumbatia kipande cha gogo kilicholowa. Kiherehere aliinuka, akasema, "Nisamehe, Taratibu. Nilikuacha ulie wakati nilijua."

Taratibu alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na safari hii Kiherehere alisubiri.

"Bado nina hasira kidogo," alisema mwishowe. "Kesho labda zitakuwa zimepungua." Kisha akaligeuza lile gogo. Chini yake palikuwa na vitu vidogo vyeupe, vimejipanga kama meno ya mtoto. "Nimeziona kwenye mfereji. Wewe unaonaje, ni za jenasi gani?"

Kiherehere aliinama. Mdomo ulimfunguka wenyewe, jina likiwa tayari kwenye ncha ya ulimi, jina zuri, refu. Akalimeza jina hilo.

"Sijui," alisema. "Subiri nilete bilauri."